Umeme wa jua: Kalamu kwanza, paneli baadaye

KATIKA maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, paneli za umeme wa jua zimeegeshwa milangoni kama mabati. Mkulima aliyetoka kuuza mpunga, au mwenye duka aliyedunduliza mtaji wa mwaka mzima, huingia na kuuliza bei ya “sola ya wati mia mbili”. Hupewa paneli, betri na waya, akapakia juu ya basi na kurudi kijijini. Taa zinawaka, televisheni inaonyesha mpira, wateja wanaleta simu kuchaji. Mwaka haujaisha, taa zinaanza kufifia saa mbili usiku na televisheni inazimika kabla ya kipindi cha pili.

Lawama humwendea fundi, ama muuzaji, ama mvua. Lakini paneli ikipimwa, mara nyingi hukutwa nzima. Kilichokufa ni betri, nayo imekufa kwa sababu siku ya kununua hakuna aliyekaa chini na kalamu akahesabu umeme unaotakiwa kila siku. Hasara hiyo si ndogo. Kwa mfanyabiashara wa kijijini, betri moja kubwa ni fedha ambayo ingenunua magunia ya sukari na katoni za sabuni. Ikifa mapema, shilingi zote zilizopatikana kwa kuchaji simu zinakwenda kununua betri nyingine.

Misingi ya umeme huu si migumu kama wengi wanavyodhani. Katika chuo cha Barefoot College kilichopo kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu na ambao hawakupata nafasi ya kusoma, wamefundishwa kwa miezi michache kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Wanajifunza kwa kufuata rangi, alama na vitendo badala ya vitabu. Unguja nako kuna kituo cha aina hiyo. Mwenye duka ambaye kila jioni anapiga hesabu ya mauzo bila kukosea hana sababu ya kushindwa hesabu ya wati.

Mwanga, si joto

Paneli haihifadhi umeme. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya silikoni ambavyo, vikipigwa na mwanga, husukuma mkondo wa umeme kwenye waya. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme, lakini kipande cha silikoni chenye manufaa kilipatikana mwaka 1954 katika maabara za Bell nchini Marekani. Kiligeuza kama asilimia sita tu ya mwanga kuwa umeme. Paneli nzuri zinazouzwa leo hufikia asilimia 20 na kuzidi kidogo.

Wengi huamini kwamba jua likiwa la moto zaidi ndivyo umeme unavyozidi. Sivyo. Kinachozalisha umeme ni mwanga, na joto ni adui. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani chini ya mwanga mkali huku vipande vikiwa na nyuzijoto 25 tu. Kila nyuzi moja inayoongezeka huondoa kama asilimia 0.4 ya nguvu. Paneli iliyolazwa moja kwa moja juu ya bati la moto inaweza kufika nyuzi 65 mchana, na hapo imekwisha kupoteza asilimia 16. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huiinua kidogo juu ya bati ili hewa ipite chini yake.

Afrika Mashariki si mgeni wa teknolojia hii. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Karamugi, katika eneo la Meru nchini Kenya, ilifungiwa taa za sola na Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, na mafundi wa umeme wa eneo hilo wakafundishwa kazi. Tangu hapo kilichobadilika sana ni bei. Katika miaka ya 2000 paneli ilikuwa bado inauzwa kiwandani kwa dola kadhaa kwa kila wati moja. Katika miaka hii ya 2020 imeshuka chini ya nusu dola. Zamani mtu alibana matumizi kwenye paneli kwa sababu ndiyo iliyomaliza fedha. Leo betri ndiyo inayomaliza fedha, lakini wanunuzi wengi bado wanabana kwenye paneli, na kwa kufanya hivyo wanaiua betri.

Kilo za unga kwa siku

Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa mgongoni au kwenye chaja yake. Wati zikizidishwa kwa saa ambazo kifaa kinatumika, jibu linaitwa wati-saa. Hizo ndizo sawa na kilo za unga zinazoliwa nyumbani kwa siku. Paneli ni shamba, betri ni ghala. Hakuna mkulima anayejenga ghala bila kujua familia inakula magunia mangapi.

Chukua mfano wa duka la kijijini lenye kinyozi pembeni. Taa nne za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 8 ni 80. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 5 ni 150. Mashine ya kunyolea ya wati 12 ikifanya kazi saa 5 ni 60.

Zimebaki simu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Simu ya kitochi ina betri ya kama ampea-saa moja, na kuijaza hutumia takriban wati-saa 5 pamoja na zinazopotea njiani. Simu janja ya siku hizi ina betri mara tano ya hiyo, na hutumia kama wati-saa 25. Mwenye duka aliyefunga mtambo miaka kumi iliyopita kwa ajili ya simu za kitochi, na ambaye leo analetewa simu janja idadi ileile, anauza umeme mara tano ya ule aliopanga. Kama bado anatoza bei moja kwa simu zote, simu ya kitochi inabeba hasara ya simu janja. Katika mfano huu, simu 10 za kitochi ni wati-saa 50 na simu janja 8 ni 200.

Jumla yake ni wati-saa 640 kwa siku. Simu peke yake zimekula zaidi ya theluthi moja.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha vitu gani havifai kabisa. Birika la umeme la wati 1,500 likichemsha maji dakika 10 linakula wati-saa 250, yaani kuliko televisheni ya jioni nzima. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni wati-saa 500. Kwa mtambo mdogo, vitu vya kuzalisha joto vibaki kwenye mkaa au gesi. Friji ni habari nyingine: inawezekana, lakini mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, na inveta ndogo hukata papo hapo. Anayetaka kuuza soda baridi ni afadhali ahesabu friji kama mtambo wake wa pekee, tena atafute ile inayotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta.

Inveta yenyewe hula. Hata ikiwa haijawasha chochote, nyingi hutumia kama wati 10. Ikiachwa ikiwaka mchana na usiku ni wati-saa 240, zimepotea bure. Kwa sababu hiyo taa, redio na chaja za simu ni vyema ziwe za volti 12 na zitoke moja kwa moja kwenye betri kupitia kidhibiti, na inveta iwashwe pale tu inapohitajika.

Ghala lisikaushwe

Betri nyingi zinazouzwa kwa ajili ya sola ni za risasi na tindikali, jamaa wa betri ya gari. Lakini undugu huo unadanganya. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache injini inapowashwa, kisha ijazwe mara moja. Ikikamuliwa usiku kucha, kila usiku, sahani zake zinaharibika haraka. Betri ya sola ina sahani nene zinazostahimili kupungua na kujazwa. Betri kuukuu ya lori inayouzwa kwa bei ya kutupa si nafuu hata kidogo.

Hata betri halisi ya sola ina mpaka wake. Ikitumiwa hadi nusu na kujazwa kila siku, inadumu miaka. Ikikaushwa kila usiku, umri wake unapungua mara mbili au zaidi. Na ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani na kuwa ngumu, na betri haipokei tena umeme kama zamani. Hicho ndicho kifo kinachotokea kimyakimya kwenye maduka mengi wakati wa masika: mawingu yanakaa wiki nzima, mwenye duka anaendelea kuchaji simu kama kawaida, betri inalala tupu siku saba.

Kuijua hali ya betri hakuhitaji fundi. Kipimo cha volti cha bei rahisi kinatosha. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumika, ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.8 iko karibu tupu. Asubuhi kabla jua halijapanda ndiyo saa nzuri ya kupima. Duka ambalo kila asubuhi linakuta chini ya 12.2 linakula mtaji wake.

Kidhibiti chaji, kile kisanduku kidogo chenye taa kati ya paneli na betri, kina kazi mbili: kuzuia betri isijazwe kupita kiasi na kukata umeme inapokaribia kukauka. Kinapokata, betri huwa imekwisha kushuka chini ya nusu. Wapo wanaokiona kama mnoko. Usiku kikikata wakati mechi haijaisha, wanachomoa waya wa televisheni na kuuchomeka moja kwa moja kwenye betri. Mechi inaisha vizuri. Betri inalipia.

Kwa duka la mfano wetu, wati-saa 640 zikiongezwa kinachopotea kwenye inveta na waya zinakuwa kama 700 zinazotoka kwenye betri. Ili duka livumilie usiku mmoja na nusu siku ya mawingu, ziwekwe 1,050. Zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea-saa 88. Na kwa kuwa nusu tu ya betri ndiyo itumike, zidisha kwa mbili: 176. Dukani itapatikana ya 200.

Sasa kuna betri za lithiamu, hasa zile za chuma na fosfeti. Hizo zinaruhusu kutumika hadi asilimia 80 na hudumu mizunguko mingi zaidi, kwa hiyo duka hilohilo lingetosheka na ya ampea-saa 100. Bei yake siku ya kununua ni kubwa, lakini mwenye duka alinganishe kwa miaka, si kwa siku. Kidhibiti lazima kiwe kinachokubali lithiamu, kwa sababu kile kilichopangwa kwa risasi hakiendani na volti zake.

Udanganyifu katika betri ni mwingi, na kuna silaha ambayo kila mwenye duka anayo: mizani. Risasi ni nzito. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Iliyoandikwa 200 lakini ina kilo 30 ni ya 100 iliyobandikwa karatasi nyingine. (Mizani hii haifai kwa lithiamu, ambayo ni nyepesi kwa asili yake.)

Shamba la jua

Jua la Afrika Mashariki huonekana saa 12, lakini nguvu yake ya siku nzima, ikikusanywa, inalingana na saa 4 hadi 6 tu za jua kali la adhuhuri. Nyanda za juu zenye ukungu wa Juni na Julai hupata pungufu. Mwenye busara huhesabu kwa msimu mbaya, yaani saa 4, kama mkulima anayepanga chakula kwa kukumbuka mwaka wa ukame.

Joto, vumbi, waya na betri yenyewe hula takriban theluthi ya umeme wa paneli. Kwa hiyo wati-saa 640 za dukani zizidishwe kwa 1.5, zinakuwa 960. Zigawanywe kwa saa 4: ni paneli ya wati 240. Ya 250 inatosha, na ya 300 ni bora, kwa kuwa wati hizo za ziada ni rahisi siku hizi na ndizo zinazoijaza betri upesi baada ya siku za mawingu.

Je, paneli ya wati 300 ni kweli ya wati 300? Nchini Kenya, paneli za bei nafuu zilipimwa na watafiti mwaka 1999, na baadhi ya aina zilikutwa zinatoa umeme pungufu sana ya uliotangazwa. Ujanja huo haujafa, ila leo kuna njia rahisi ya kuubaini: futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hivi, na 220 ni nyingi. Paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60 ni mita za mraba 0.6, kwa hiyo haiwezi kuzidi wati 130 au zaidi kidogo, hata ikiandikwa 300 kwa herufi za dhahabu.

Wauzaji wengine humridhisha mteja kwa kumwonyesha volti. Paneli ya volti 12 ikipimwa juani bila kuunganishwa na kitu husoma kama 21, mteja anafurahi. Lakini paneli ndogo ya wati 20 nayo husoma hivyohivyo. Volti hazisemi ukubwa. Kinachosema ni ampea, zipimwe saa sita mchana kwenye jua wazi na kulinganishwa na namba iliyoandikwa nyuma.

Kuna mtego mwingine ambao umekuja na paneli kubwa za bei rahisi. Paneli ya zamani ya volti 12 ilikuwa na vipande 36. Hizi kubwa zina 60 au zaidi, na volti zake hupita 30. Mtu ananunua paneli ya wati 300 ya aina hiyo, anaiunganisha kwenye betri ya volti 12 kwa kidhibiti cha kawaida kilichoandikwa PWM, na hapati hata nusu. Sababu yake ni kwamba paneli hiyo inatoa kama ampea 9.3 kwa volti 32. Kidhibiti cha PWM hupitisha ampea zilezile lakini kwa volti 13 za betri, na 9.3 mara 13 ni wati 121. Zilizobaki zimepotea. Kidhibiti cha MPPT, ambacho ni ghali zaidi, hubadilisha volti zinazozidi kuwa ampea na kuokoa karibu zote. Anayenunua paneli kubwa anunue na MPPT kwa safari moja, akihakikisha inamudu volti za paneli. Vinginevyo atafute paneli ya vipande 36.

Kivuli ni jambo dogo linaloumiza. Vipande vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine kama ndoo zinazopokezana maji kutoka mkono hadi mkono. Kimoja kikizibwa na jani la mpapai, wote walio kwenye msururu wanasubiri. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri paneli isiguswe na kivuli cha mti wala mlingoti. Kwa Tanzania, iliyo kusini mwa ikweta, iinamishwe kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hadi 15, ili pia mvua iioshe. Wakati wa kiangazi vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Waya mwembamba ni mwizi

Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mwembamba. Ampea 10 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, volti 1.4 zinapotea njiani. Kwa volti 12 hiyo ni zaidi ya asilimia 11. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana betri hukaa karibu na paneli, na karibu na vifaa vinavyokula sana. Fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya hatua chache tu kutoka betri, kwani betri ikiguswa kwa bahati mbaya na spana hutoa umeme wa kuyeyusha chuma.

Betri ya tindikali inayojazwa maji hutoa hewa inayoweza kulipuka inapochajiwa. Isifungiwe chumbani wanakolala watoto wala kuwekwa karibu na kibatari. Ijazwe maji ya betri yanayouzwa kituo cha mafuta, si ya kisima. Na betri mpya isiunganishwe na kuukuu, kwa sababu ile kuukuu huivuta mpya kaburini.

Mkulima anayetaka maji ana nafuu ambayo mwenye duka hana: anaweza kuachana na betri kabisa. Pampu inavuta mchana jua likiwapo, maji yanapanda kwenye tangi la juu, na jioni yanashuka yenyewe hadi kwenye matuta. Tangi halifi kwa kukaushwa. Nusu eka ya mboga ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku ni kama lita 10,000. Kuziinua mita 20 kunahitaji wati-saa 545 za kazi halisi. Kwa kuwa pampu na mabomba hupoteza zaidi ya nusu, paneli zitoe kama 1,360 kwa siku. Kwa saa 5 za jua kali hizo ni wati 272, na ukiongeza joto na vumbi, paneli za wati 350 hadi 400 zinatosha. Kisima kikiwa na kina cha zaidi ya mita 7, pampu ya juu haiwezi kunyonya, inunuliwe ya kuzamisha. Na kabla ya yote kisima chenyewe kipimwe kinajaza lita ngapi kwa saa, maana pampu kubwa kwenye kisima kidogo hunyonya tope.

Kufunga mtambo mdogo wa taa tatu mtu anaweza kujifunza mwenyewe. Ukizidi hapo, hasa penye inveta na volti 230, anahitajika fundi aliyesomea. Nchini Kenya, tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola anatakiwa awe na leseni ya daraja la T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa wa mtambo, na leo inatolewa na mamlaka ya EPRA. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe. Popote pale, fundi ambaye swali lake la kwanza ni “una shilingi ngapi?” kabla ya “una vifaa gani?” ni wa kuogopa.

Hata betri iliyotunzwa ina siku yake, na ikifika, isipasuliwe nyumbani ili kutoa risasi ya kutengenezea vyuzio vya nyavu. Sumu yake hukaa udongoni miaka mingi na huwadhuru watoto zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kudhurika, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Betri nzima iliyokufa bado ina thamani kwa risasi yake, na wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya. Mwenye duka anayekwenda mjini kununua nyingine aende nayo, imesimama wima na vifuniko vimekazwa, na apatane bei yake kabla hajaulizia mpya.